Wenyewe wamerudi kwao, wameniachia degu wawili na mmoja jicho limeota wingu

Shikamoo shangazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, naomba usinicheke maana hata mume wangu ananicheka.

Iko hivi. Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa familia moja ya Wajerumani kule Isamilo hapa Mwanza, miaka mitatu, watu wazuri tu, mwezi wa sita mkataba wao ukaisha wakarudi kwao. Walikuwa na wanyama wao wawili wanaitwa degu. Kama hujawahi kuwaona ni kama panya ila sio panya, mdogo kwa simbilisi, wa kahawia, masikio makubwa, mkia una nywele nyeusi pale nchani kama brashi. Kuwasafirisha ikawa shida ya makaratasi, mama wa watu akalia kabisa, akaniambia dada hawa wamekuzoea wewe, wachukue. Nikawachukua. Nikapewa na keji lao la chuma, gurudumu la kukimbilia, mfuko wa chakula na karatasi ya maelekezo. Karatasi yenyewe mwanangu wa miaka sita aliitengenezea kishada hata sijaimaliza kuisoma.

Sasa kile chakula kiliisha mwezi wa nane. Nikauliza maduka ya pembejeo hamna anayekijua, nikaanza kuwapa cha nyumbani. Ndizi mbivu wanazipenda mno shangazi, ukishika ndizi tu wanapiga kelele kama ndege. Nikawapa papai, embe, mkate, ugali kidogo, na dagaa nao niliwajaribishia wakawaacha. Nilisikia meno yao yanakua kila siku kwa hiyo wanatakiwa watafune kitu kigumu, nikaona basi niwape matobolwa, yale ya viazi vitamu, anayotuletea mama mkwe toka Magu, na kweli wanatafuna mpaka raha. Wakanenepa. Kila Jumamosi nawaogesha na sabuni ya kipande maana manyoya yao yalikuwa yanakuwa kama yana mafuta.

Tatizo limeanza kama wiki tatu zilizopita. Yule mweusi mweusi jicho moja limeingia weupe, kama wingu, na la pili naona linafuata. Alafu anakunywa maji si kawaida, chupa iliyokuwa inakaa siku mbili sa hizi asubuhi naweka jioni haina kitu, na chini kumelowa. Jirani kaniambia niweke dawa ya macho ya mtoto, nimeweka siku tano hamna kitu.

Juzi tena mwanangu alimkamata yule mwingine kwa mkia ili asikimbie, ngozi ya mkia ikabaki mkononi kwa mtoto!! Yani ilichomoka kama soksi, ikabaki nyama nyekundu na mfupa. Nilimchapa mtoto, nikamfunga mnyama bandeji na spiriti, usiku akaitafuna bandeji yote.

Na mama mkwe yupo kwangu mwezi mzima huu, kaja kliniki yake ya sukari, kila siku ni hao panya hao panya, wataleta tauni, anasema nimegeuza nyumba ya mwanae kuwa ghala la panya. Baba watoto yeye anasema tukawaachie pale juu kwenye mawe wakaishi na pimbi maana wanafanana. Na kuna kijana mmoja anasema ana mteja, ila anataka waliozaa, kwa hiyo niwazalishe kwanza.

Shangazi nimechoka. Nawapenda hawa viumbe, na yule mama niliahidi. Nifanyeje?

Mama wa Mabatini

*

Marahaba ng'wanawane, mwanangu. Sikucheki hata kidogo. Nimefanya kazi ya mifugo mpaka nikastaafu, ng'ombe, mbuzi, kuku, na degu nimewahi kukutana nao, nao walikuwa nyumba ya mgeni, na nakumbuka nilisimama pale na begi langu la dawa za ng'ombe nisijue pa kuanzia. Kwa hiyo nakuelewa.

Hebu usome tena barua yako mwenyewe. Anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, macho yanaingia wingu, na siku zote anakula ndizi, embe, mkate na viazi vitamu. Sasa niambie, ni nani mwingine humo ndani mwako mwenye historia kama hiyo? Mama mkwe wako amekuja kliniki ya nini?

Ndiyo. Kwa maelezo yako mnyama wako ana dalili zote za kisukari. Na sio bahati mbaya, degu kaumbwa hivyo. Kwao ni Chile, kule Amerika ya Kusini, kwenye vichaka vikavu vya mabonde na miteremko ya milima, anaishi kwa nyasi kavu, majani, magome na mbegu. Insulini ya mwili wake, ile inayodhibiti sukari, imeumbwa tofauti na ya wanyama wengi na sukari inamshinda mapema sana. Kipande cha ndizi ambacho kwa nyani ni chakula kwa degu ni sumu ya polepole, na kibaya zaidi anakipenda, anakuomba, anakupigia kelele, na wewe kwa huruma unampa. Ule wingu ni mtoto wa jicho, unaletwa na hiyo sukari, na ndo maana dawa ya macho haikusaidia, acha kuiweka. Nikwambie ukweli tu, jicho lililokwisha kufunga halirudi. Ila degu kipofu anaishi vizuri kabisa kwa pua na sharubu, sharti moja tu, usimhamishie vitu vyake ndani ya keji. Chupa ya maji ikae pale pale, ngazi pale pale, nyumba ya kulala pale pale.

Kabla hujaamini maneno yangu pima. Nenda duka la dawa ununue vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, vya binadamu hivyo hivyo vinafaa. Mweke mnyama kwenye beseni la plastiki lililo safi na kavu, akae humo mpaka akojoe, chovya kijiti, soma rangi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Wapime wote wawili maana wamekula sahani moja. Mwombe mama mkwe akusaidie kusoma, najua unavyoshtuka hapo, lakini kwenye hiyo nyumba hakuna anayejua sukari kumzidi. Tena mwambie hivi, mama hawa nao hawatakiwi kula vitamu. Uone kama ataendelea kuwaita panya kwa sauti ile ile. Ila vidonge vyake asimpe mnyama, hata nusu, hata robo, dozi ya mtu mzima kwa kiumbe cha gramu mia mbili na kitu ni kumuua.

Kijiti kikionyesha sukari dawa ya kwanza ni sahani. Kuanzia leo matunda yote marufuku, mkate marufuku, ugali marufuku, mahindi ya kuchemsha marufuku, karoti yenyewe iache. Na matobolwa jamani. Hapo nilicheka kidogo samahani, maana hesabu yako ilikuwa nzuri, kitu kigumu kwa ajili ya meno, ila ng'wanawane lile ni kiazi kitamu kilichochemshwa kikaanikwa, maji yametoka sukari imebaki! Michembe nayo ni kiazi kile kile, usiseme basi nitabadilisha.

Wanachotakiwa kula ni nyasi kavu, kutwa kucha, isiishe kwenye keji. Usiwaonee huruma kwamba ni chakula cha ng'ombe. Ukipata robota la hei ya Rhodes kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa basi umemaliza, robota moja kwa wanyama wawili hao litakaa miezi, lifungue kwanza ulinuse, likinuka uvundo au lina ukungu usichukue. Ukikosa hei kata ukoka mwenyewe, uanike kivulini upepo upite mpaka ukauke vizuri. Usikate pembeni ya barabara, wala pale mbwa wanapojisaidia, wala karibu na bustani zinazopigwa dawa. Meno yao yanakua maisha yote, hapo ulisikia vizuri, ila kinachoyasaga ni huko kutafuna nyasi masaa na masaa. Yaangalie pia rangi yake, meno ya mbele ya degu mzima yanakuwa ya njano iliyokolea kwenda chungwa. Mtu akiona anadhani uchafu, kumbe yakipauka kuwa meupe ndo kuna shida.

Juu ya nyasi waongezee kijiko kimoja cha chakula cha tembe cha sungura kwa kila mmoja kwa siku, sio bakuli. Hapo kuwa makini, viwanda vingine vinachanganya molasi ili tembe zishikane na zipendeze. Soma mfuko, muulize muuzaji, ukiona molasi rudisha. Cha kuku usiguse, kile kina dagaa na hawa sio walaji wa nyama, ndo maana dagaa zako walizikataa, walikuzidi akili siku hiyo. Mboga mbichi ni kidogo sana, jani la mchicha leo, kipande cha tango kesho, na mabadiliko yote ufanye taratibu kwa siku kadhaa kwa upande wa mboga, matumbo yao hayapendi haraka. Vitamu tu ndo ukate leo leo.

Kuna kingine watafune, vijiti. Kata matawi ya mpera yasiyopigwa dawa, osha, kausha, wape. Lakini usije ukachuma kijiti chochote kwenye uzio, najua huku kwetu nyumba nyingi zimezungushiwa mnyaa, ule wenye utomvu mweupe, ule utomvu unachoma macho ya watu wazima sembuse mnyama mdogo.

Haya, kuogesha. Acha. Degu haogi maji, anaoga mchanga. Manyoya yalikuwa yanaonekana na mafuta kwa sababu walikosa mchanga toka wahame Isamilo, bila shaka kule kulikuwa na bakuli la mchanga ukadhani ni choo chao. Sasa wewe upo Mwanza na mchanga tunao, chukua ule laini wa ziwani, uoshe, uanike, uchekeche kwa chekecheke la unga la zamani, alafu ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka wadudu wote wafe, ukipoa weka kwenye bakuli zito dakika kumi na tano ishirini, kila siku au siku moja moja. Utawaona wanavyogaragara utacheka mwenyewe. Usiweke chokaa wala saruji wala majivu, hayo yanaunguza macho na mapafu. Na huyo mwenye mkia mbichi asioge mchanga mpaka kidonda kikauke.

Kuhusu mkia wenyewe, mtoto hukumuelewa na mnyama hukumuelewa. Ule mkia umeumbwa kuchomoka ngozi. Kule kwao ndege mkali au mbweha akimshika mkia anaachiwa soksi, mwenyewe anaingia shimoni na roho yake. Ngozi hairudi. Kile kipande cha mfupa kilichobaki kitakauka, kitadondoka au atakitafuna mwenyewe, ukiona hivyo usipige yowe. Kazi yako ni usafi tu, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, dondoshea mara mbili kwa siku, usifunge bandeji, spiriti tupa huko maana uliongeza maumivu juu ya maumivu. Chini toa maranda ya mbao kwa siku hizi, tandika magazeti, badilisha kila siku. Pakivimba, pakitoa usaha au akiacha kula hata siku moja, nenda kwa daktari wa mifugo. Atakwambia hajawahi kuona mnyama huyu, usiondoke, mwambie dokta mchukulie kama simbilisi, ni ndugu wa mbali. Na mkumbushe habari ya amoksilini na penisilini za kunywesha, kwa simbilisi dawa hizo zinaua bakteria wazuri wa tumbo mnyama anakufa kwa kuharisha, hivyo na wewe usije ukamfungulia kidonge cha mtoto nyumbani. Kuanzia sasa anayetaka kumshika akinge viganja viwili kama anateka maji, amuinue toka chini. Mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa hilo, fimbo haikuwa na kazi.

Umesema upo Mabatini, na mimi nayajua mabati ya huko saa nane mchana. Degu hastahimili joto, likipita digrii 30 anaanza kulala ubavu akihema. Toa keji karibu na dirisha la jua na usiliweke karibu na jiko la mkaa. Ukitaka kiyoyozi cha bure okota jiwe bapa hapo nje, mji huu Mungu ametupa mawe, lioshe, liweke humo ndani upande wenye kivuli. Wanalala juu yake tumbo chini, na kucha zinasagika. Siku kali kabisa gandisha maji kwenye chupa, ifunge na kitambaa, weka pembeni yao. Sakafu ya keji kama ni ya waya tupu weka ubao au kigae juu, waya unawatoboa nyayo.

Sasa mama mkwe. Usimdharau. Watu wa umri wake wanakumbuka tauni ya Lushoto miaka ya 1980 na 1990, na juzi tu hapa mwaka 2022 kule Lindi homa ya mgunda imeua watu, na ile inatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Hofu yake ina mizizi. Ila magonjwa hayo hayazuki tu kwa sababu mnyama ana mkia. Degu wako wamezaliwa ndani, wamekaa ndani, hatari ni wale panya wa darini wanaokuja usiku kufuata chakula kilichomwagika chini ya keji. Kwa hiyo weka chakula kwenye ndoo yenye mfuniko, fagia kila jioni, osha mikono na sabuni, keji lisikae jikoni. Ukishafanya hivyo umemjibu bila kubishana. Na akisema panya ni panya, mwambie Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, mmoja wao aliyeitwa Magawa alipelekwa Kambodia akatafuta mabomu mpaka mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Panya Mtanzania huyo.

Baba watoto nae simwachi. Kwanza pimbi hana undugu na degu hata wa kusingizia, pimbi ndugu yake ni tembo, ni sura tu. Pili hao wawili wakiachiwa pale kwenye mawe wiki haiishi, mwewe atawala, kipofu ndo atatangulia. Na tatu, tuseme hawakufa, tuseme waliishi wakazaana. Sisi watu wa ziwa ndo wa mwisho duniani kupaswa kuambiwa habari ya kuachia kiumbe cha ugenini. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960 mwanzoni kwa nia njema tu, kufika miaka ya 1980 samaki furu wa kila rangi tuliokuwa tunakula utotoni wakawa hadithi, aina kwa mamia zimepotea. Muulize baba watoto mara ya mwisho amekula furu wangapi.

Huyo kijana na mteja wake mwambie hapana. Mwenye kisukari hazalishwi. Mimba yao ni siku 90 hivi, wanazaliwa watano sita kwa mpigo, macho wazi na manyoya tayari, na dume anaweza kumpandisha mama yao siku hiyo hiyo aliyojifungua, utajikuta una kumi na tano kwenye chumba kimoja na mama mkwe ndani. Kwanza hata hujui kama ni dume na jike. Wageuze uwaangalie chini, wote wawili wana kile kinundu cha mkojo kwa hiyo kisikudanganye, angalia umbali wake mpaka kwenye tundu la haja kubwa, jike vimekaribiana sana karibu vigusane, dume kuna nafasi. Kama ni jinsia moja wamekaa pamoja miaka yote hiyo basi waache hivyo hivyo, usiwatenganishe hata kwa ugonjwa, degu wa peke yake anasononeka. Kama ni dume na jike, hapo tafuta keji la pili, yakae ubavu kwa ubavu waendelee kusikiana.

Wanaweza kufika miaka sita, saba, wengine zaidi, kwa hiyo mpigie yule mama Mjerumani umuulize hawa wana umri gani, na umwombe akutumie tena ile karatasi kwa simu. Usimfiche habari ya jicho. Alafu uniandikie kijiti kimetoka rangi gani, na mama mkwe kasemaje.